Vyakula Visivyosubiri

Hong Kong, nyama ya kuchoma haipikwi nyumbani kwa sababu nyumbani hakuna pa kuichomea. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa mkazi wa kawaida wa jiji hilo ana nafasi ya mita za mraba 16 hivi za kuishi, na humo lazima viingie kitanda, meza, kabati, mashine ya kufulia na jiko dogo la gesi. Oveni haimo. Bata bukini mzima aliyening'inizwa wima juu ya moto mkali anataka tanuri lenye umbo la pipa, bomba la moshi, na mtu asiye na kazi nyingine siku hiyo. Basi watu milioni saba na nusu wamemwachia kazi hiyo fundi wa mtaani, naye ameifanya kizazi baada ya kizazi hadi imekuwa ustadi ambao, kwa maoni yangu, hauna mpinzani katika upishi wa nyama popote duniani.

Mlo ninaoueleza hapa una vituo viwili. Cha kwanza ni duka la siu mei, jina la jumla la nyama za kuchoma za Kikantoni. Cha pili, mwendo mfupi kwa miguu, ni duka la aiskrimu inayotengenezwa pale pale, kidogo kidogo, kwa mkono. Mtu anaweza kudhani vimekutanishwa na njaa tu, nyama kwanza na kitu kitamu baadaye. Mimi naviona ni ndugu. Fundi wa tanuri anayafukuza maji kwenye ngozi. Fundi wa aiskrimu anayagandisha maji yawe chembe ndogo mno, ulimi usizitambue. Na wote wawili, kazi ikishakamilika, muda unakuwa adui: ngozi inaanza kulegea, barafu inaanza kuyeyuka. Ndiyo maana mlaji anavifuata vilipo.

Duka la siu mei halitafutwi kwa kibao. Linaonekana kwa dirisha lake. Nyuma ya kioo kuna kulabu za chuma, na kwenye kulabu inaning'inia kazi yote ya asubuhi: bata bukini wenye ngozi ya kahawia inayong'aa, bata wa kawaida, vipande virefu vya char siu vyenye kingo zilizoungua, na bamba la tumbo la nguruwe ambalo ngozi yake imefura vipovu. Pembeni yao kuna kuku waliopikwa ndani ya sosi ya soya, na wengine weupe kabisa, waliotokoswa taratibu bila rangi yoyote. Mteja anaweza kukaa akaletewa nyama juu ya wali, aina moja au mbili pamoja. Anaweza pia kupimiwa kwa kati, kipimo cha zamani cha gramu 600 na kidogo, akafungiwa na kuondoka nayo. Mama anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni, akipigiwa simu kwamba kuna mgeni, hasumbuki. Anapita dirishani, anakatiwa, na chakula cha jioni kimeongezeka sahani moja ya heshima.

Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam atakuta utaratibu umegeuzwa. Kwenye nyama choma mteja huchagua mguu mbichi, hupimiwa, kisha hukaa na kinywaji chake akingoja. Hapa nyama imeshaiva kabla hujafika, na toka kuagiza hadi sahani kutua mezani ni dakika chache. Mezani nako hakuna kukawia. Utakalishwa pamoja na watu usiowajua, utakula, utalipa, na nafasi yako itachukuliwa kabla kiti hakijapoa.

Ustadi wenyewe ni wa kale. Mwaka 1983, mjini Guangzhou, wachimbaji walifikia kaburi la Zhao Mo, mfalme wa Nanyue aliyekufa mwaka 122 kabla ya Kristo. Miongoni mwa vyombo alivyozikwa navyo kulikuwa na majiko ya shaba ya kuchomea nyama pamoja na mishikaki yake, na jiko mojawapo limepambwa kwa sanamu ndogo za vitoto vya nguruwe. Leo liko kwenye jumba la makumbusho pale pale mjini. Karne ya 6, kaskazini mwa China, Jia Sixie aliandika kitabu kikubwa cha kilimo na ndani yake akaeleza namna ya kuchoma kitoto cha nguruwe: kukizungusha bila kuacha na kukipaka pombe ya nafaka mara kwa mara ili kipate rangi. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa amesimama karibu na moto.

Lakini kipimo cha duka ni bata bukini, siu ngo, na kazi yake huanza jana yake. Anayependwa ni wa kienyeji wa jimbo la Guangdong, mdogo wa umbo, mwenye mstari mweusi wa manyoya nyuma ya shingo, na wale wa Qingyuan, kaskazini ya Guangzhou, ndio wenye sifa. Wazee husema nyama yake huwa bora mara mbili kwa mwaka, karibu na sikukuu za kuzuru makaburi, Ching Ming mwezi wa nne na Chung Yeung mwezi wa kumi. Akishanyonyolewa, matumbo hutolewa kupitia tundu dogo ili ngozi isipasuke mahali pengine popote. Ndani humiminwa viungo: chumvi, sukari, tangawizi, maharage ya soya yaliyovundikwa, na ule unga wa viungo vitano wenye mdalasini na karafuu, ambayo msomaji wa Unguja na Pemba hahitaji kuelezwa habari zake. Kisha tundu hushonwa kwa sindano nene ya chuma.

Baada ya hapo fundi anachukua pampu. Anaingiza mdomo wa pampu hiyo shingoni, kati ya ngozi na nyama, na bata anavimba mbele ya macho yako. Mafuta ya bata bukini ni mengi na yamelala chini ya ngozi. Ngozi ikibaki imeshikana na nyama, mafuta hayana pa kutokea, na mvuke wa nyama huilowesha ngozi kwa chini hata moto uwe mkali vipi. Hewa ikiitenga, mafuta huyeyuka na kutiririka, na ngozi hukauka peke yake. Halafu ndege humwagiwa maji yanayochemka, ngozi ikajikaza. Hupakwa mchanganyiko wa siki na maltosi, sukari nzito ya nafaka zilizochipushwa, ambayo motoni itampa rangi. Kisha hutundikwa akauke.

Kukausha ndiko kunakotenganisha duka jema na duka baya. Ni saa nyingi, pengine usiku mzima, mbele ya feni au ndani ya chumba cha baridi, na hakuna mteja anayeziona. Kiangazi cha Hong Kong unyevu wa hewa hupita asilimia 80 kwa urahisi, hewa yenyewe inarudisha maji ambayo fundi anayatoa. Mwenye haraka ataipunguza hatua hii, kwa sababu rangi haitamsaliti. Bata wake atatoka tanurini akiwa mzuri wa kupigwa picha. Ni meno tu yatakayojua.

Tanurini hukaa chini ya saa moja, akiwa wima, huku maji ya viungo yakichemka ndani ya tumbo lake lililoshonwa. Kwa hiyo nyama huiva pande mbili: nje kwa moto mkavu, ndani kwa mchuzi. Sijui njia nyingine ya kuchoma ndege iliyofikiriwa vizuri kiasi hicho. Tanuri nyingi za leo ni za gesi. Za mkaa zimebaki chache, baadhi yake katika mtaa wa Sham Tseng, pwani ya New Territories, ambako migahawa ya bata bukini imejipanga na watu wa mjini huenda kwa ajili hiyo tu. Tofauti ya mkaa unaisikia puani kabla ya mdomoni.

Sasa msogelee mkataji. Ana gogo la mbao la duara, limezama katikati kwa miaka ya kupigwa, na panga moja pana la mstatili linalofanya kila kazi. Anamshusha bata kulabuni na kumfumua mshono juu ya bakuli, mchuzi mweusi unatoka ukifuka moshi. Anazigawa mbavu kwa pigo moja, anageuza, anapasua uti wa mgongo. Kisha mapigo madogo ya haraka, kila moja na mlio wake: ngozi inalia kavu, mfupa unalia mzito. Ubapa wa panga unaingia chini ya vipande vyote kwa pamoja na kuvilaza juu ya wali kwa mpangilio ule ule waliokuwa nao mwilini, ngozi juu, bila kimoja kugeuka. Mwishoni anateka kijiko cha ule mchuzi wa bakulini na kuupitisha pembeni, usiiguse ngozi. Upishi wote uliotangulia unaweza kuharibiwa na kijiko hicho kikimwagwa vibaya.

Bata bukini huliwa na sosi ya plamu chachu, ili ukali wake ukate mafuta. Wazee huomba paja, na wengine huomba la kushoto hasa, wakiamini kuwa kwa namna ndege huyo anavyosimama paja moja hulainika kuliko jingine. Mimi sijawahi kuonja tofauti hiyo, lakini namheshimu mtu anayekijua chakula chake kiasi cha kuchagua upande.

Char siu ni habari nyingine. Ni nyama ya nguruwe ya bega au shingo, yenye mafuta yaliyochanganyika nayo, iliyolazwa ndani ya soya, sukari, jibini nyekundu ya soya na pombe ya waridi, ikachomwa, ikachovywa kwenye maltosi na kurudishwa motoni. Anayejua kuagiza hutaja kiasi cha mafuta anachotaka, na huomba kingo zilizoungua. Wekundu mkali kama wa rangi ya nguo ni dalili ya rangi ya chupa. Char siu ya kweli ni kahawia yenye wekundu, imeungua hapa na pale, na utamu wake una uchungu kidogo nyuma yake. Imeingia katika maisha ya Wakantoni kiasi kwamba mama aliyechoshwa na mtoto humwambia ingekuwa heri angezaa kipande cha char siu. Mwaka 1996, katika filamu ya Stephen Chow iitwayo The God of Cookery, ni bakuli la wali, char siu na yai linaloamua shindano la wapishi wakuu. Watazamaji wa Hong Kong hawakuhitaji kuelezwa kwa nini.

Tumbo la nguruwe, siu yuk, hutobolewa ngozi yake kwa kifaa chenye sindano nyingi, hupakwa chumvi, huanikwa, huchomwa hadi ngozi iungue, kisha ule weusi hukwanguliwa. Huliwa na haradali au kwa kuchovywa kwenye sukari. Nguruwe mzima wa kuchoma hupelekwa makaburini, kwenye ufunguzi wa maduka, na hata siku ya kwanza ya kupiga picha za filamu, ambapo waigizaji na wakubwa wao hukata nguruwe pamoja kuomba kazi iende salama.

Najua wasomaji wengi wa Kiswahili hapa wameshaweka sahani pembeni. Anayependa kitimoto hana shida, lakini Mwislamu anayeingia duka la kawaida la siu mei akadhani atajiokoa kwa kuagiza bata, ajue kuwa gogo ni moja, panga ni moja na tanuri ni moja. Njia ipo, na ni njia nzuri. Hong Kong ina Waislamu Wachina wa vizazi vingi, na ghorofani katika soko la Bowrington Road, mpakani mwa Wan Chai na Causeway Bay, kuna kibanda chao kiitwacho Wai Kee kinachouza bata wa kuchoma wa halali. Pembeni ya bata huyo wanauza mchuzi wa kari wa kondoo, na watu wengi huagiza vyote viwili. Mbele kidogo, katika jengo la msikiti wa Ammar, kuna mgahawa wa vitafunio vya Kikantoni visivyo na nguruwe. Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wanakutana Bowrington Road kwa sababu bata ni mzuri.

Habari hii si ya mbali kwetu kama inavyoonekana. Guangzhou, chimbuko la upishi huu wote, ni mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh, Kampala na Lubumbashi wanaujua kwa mitaa yake. Wamefunga mizigo Xiaobei na Sanyuanli, na wengine wamelala Chungking Mansions upande wa Hong Kong wakisaka simu za jumla. Wengi wao hula wali na kuku wa kwao kwa hofu ya kulishwa wasichokijua, na hofu hiyo naielewa. Lakini anayepita mbele ya dirisha la siu mei amepita mbele ya chakula kilicho wazi kuliko vyote mjini: mnyama mzima, kichwa na miguu, yuko kulabuni, na anakatwa ukiangalia.

Mwaka 1997 dirisha hilo lilitia watu hofu. Mafua ya ndege ya H5N1 yaliwapata watu 18 Hong Kong, 6 wakafa, na mwishoni mwa Desemba serikali ikachinja kuku wote wa jiji, zaidi ya milioni moja, ndani ya siku chache. Virusi vya ukoo huo vilikuwa vimetambuliwa mwaka mmoja kabla katika jimbo la Guangdong, na ndege aliyekutwa navyo alikuwa bata bukini. Baada ya hapo bata na bata bukini walitengwa na kuku, wakaacha kuuzwa wakiwa hai masokoni, na uchinjaji wao ukawekwa mahali pamoja chini ya ukaguzi. Moto wa tanuri unaua virusi, hatari ilikuwa kwa ndege walio hai. Hata hivyo ilichukua muda watu kurudi.

Jina kubwa kuliko yote katika biashara hii ni Yung Kee. Kam Shui-fai aliianza mwaka 1942, wakati Wajapani wameishika Hong Kong, akiwa na kibanda cha barabarani. Baadaye ikawa jengo zima mtaa wa Wellington, na wasafiri wakawa wanambeba bata wake ndani ya ndege kupelekea jamaa zao ng'ambo. Mzee alifariki mwaka 2004. Wanawe wawili wakagombana, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani ya Mwisho, ambayo mwaka 2015 iliamuru kampuni mama ivunjwe. Kaka mkubwa, Kinsen Kam, alikuwa ameshafariki miaka mitatu kabla ya hukumu. Mwanawe, Hardy Kam, hakungoja mahakama: mwaka 2014 alifungua Kam's Roast Goose mtaa wa Hennessy, Wan Chai, duka la viti vichache, na mwongozo wa Michelin wa mwaka 2015 ukampa nyota. Mwaka huo huo ukaipa nyota Yat Lok, duka jingine dogo katika mtaa wa Stanley. Foleni zilizofuata zinafika kona ya barabara. Mimi nafurahi kwamba nyota ziliwafikia watu wanaouza wali na nyama kwa bei ambayo karani anaimudu, ila ushauri wangu ni kutafuta duka la mtaa ambako mkataji anawajua wateja wake kwa sura, na kwenda kabla ya saa sita mchana au jioni mapema, tanuri linapofunguliwa upya. Saa ya kutoka motoni inazidi nyota.

Ukitoka hapo, midomo ina mafuta na jasho linakutoka. Kwa imani ya Wakantoni nyama ya kuchoma hutia joto mwilini, na wazee wataelekea kwenye duka la chai chungu ya mitishamba au la supu tamu za moto: ya ufuta mweusi, ya maharage mekundu, ya lozi. Kitu cha barafu tumboni baada ya mafuta hawakipendi. Vijana hawawasikilizi.

Barafu yenyewe ilifika Hong Kong kwa meli. Katikati ya mji kuna mtaa wa Ice House, uitwao hivyo kwa sababu ya ghala lililojengwa miaka ya 1840 kuhifadhi barafu iliyokatwa kwenye maziwa yaliyoganda ya Marekani. Wafanyabiashara wa jimbo la Massachusetts waliisafirisha ikiwa imezikwa ndani ya unga wa mbao, nusu ya dunia, na kiasi cha kutosha kilifika hakijayeyuka. Ni jimbo lile lile ambalo meli zake za Salem, miaka hiyo hiyo, zilikuwa zikishusha merikani Unguja.

Maziwa nayo yana daktari wake. Patrick Manson, Mskoti, alifanya kazi katika bandari ya Xiamen, na mwaka 1877 aligundua kuwa minyoo inayosababisha matende huingia na kukua ndani ya mbu. Kila aliyeona mguu wa matende Bagamoyo au Lamu ana deni kwake. Alipohamia Hong Kong aliona wagonjwa na watoto wanakosa maziwa safi, na yaliyopo ni ghali. Mwaka 1886 akaanzisha na wenzake shamba la ng'ombe kwenye miteremko ya Pok Fu Lam, Dairy Farm, kampuni ambayo baadaye iliungana na biashara ya barafu na ikawalisha watu wa Hong Kong aiskrimu kwa vizazi. Ghala lake la zamani la matofali ya mistari bado limesimama, hatua chache juu ya mtaa wa Ice House. Anayetaka kujua aiskrimu ya mji huu ilitoka wapi aanzie kwenye kona hiyo.

Aiskrimu ya kiwandani na ya fundi hutofautiana kwanza kwa hewa. Mashine ikizungusha maziwa, krimu na sukari kwenye baridi, inaingiza hewa ndani. Kiwanda kinaweza kuingiza hewa nyingi hadi nusu ya kopo unalonunua ni hewa. Fundi huingiza kidogo, robo hivi au chini yake, ndiyo maana kijiko chake ni kizito na ladha inakaa. Tofauti ya pili ni barafu. Sehemu kubwa ya mchanganyiko ni maji, na maji yakiganda polepole hujenga chembe kubwa, ulimi unazihisi kama changarawe. Zikiwa chini ya sehemu 50 hivi za elfu ya milimita, nyembamba kuliko unywele, ulimi unasalimu amri na kusema laini. Kazi yote ni kugandisha haraka, na kutoruhusu iyeyuke ikagande tena, maana kila mara inapofanya hivyo chembe ndogo hufa na kubwa hunenepa. Mtu anayeibeba aiskrimu ya fundi kwa basi na kuirudisha kwenye friji yake ameshaipoteza.

Mwaka 2012, katika vichochoro vya Tai Hang, duka la Lab Made lilianza kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa njia hiyo unaagiza, na mtengenezaji anamimina mchanganyiko mbichi kwenye bakuli la mashine. Anafungulia bomba, wingu jeupe linafurika ukingoni, linashuka mbele ya kaunta na kutawanyika sakafuni kabla ya kugusa viatu vyako. Mwiko unazunguka, sauti yake inabadilika kutoka majimaji kuwa nzito. Ndani ya dakika moja au mbili wingu linapungua na kilichobaki bakulini ni laini kabisa, kwa sababu maji hayakupata muda wa kujenga chembe kubwa. Wapo wanaosema ni maonyesho tu. Nimewasikia, na nasema waonje. Moshi ni kwa ajili ya macho, lakini ulaini ni wa kweli.

Mafundi wa mji huu wananivutia zaidi kwa ladha walizochagua. Wangeweza kubaki na vanila na chokoleti. Badala yake wamerudi kwenye zile supu tamu za wazee: ufuta mweusi uliokaangwa, tofu, maharage mekundu, na chai ya maziwa ya Hong Kong, nyeusi kali iliyotiwa maziwa ya kopo. Ufuta hasa unafaa baada ya bata. Una uchungu wa kuungua unaoukumbusha ulimi kingo za char siu, na mafuta yake ya mbegu hayagombani na yale ya nyama. Wengine huitia aiskrimu ndani ya ule mkate wa mayai wenye vipovu unaookwa barabarani kwenye chuma, ukiwa bado wa moto, na hapo una dakika tatu, si zaidi, kabla ya kimoja kumharibu mwenzake.

Asiyetaka foleni ya pili asubiri gari. Tangu mwaka 1970 magari ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu yanazunguka Hong Kong yakiuza aiskrimu laini ya koni, yakipiga wimbo wa The Blue Danube wa Johann Strauss kwa kengele za spika. Aiskrimu yake haina ufundi wa Tai Hang, ina hewa nyingi na utamu wa kitoto, lakini watu wazima waliovaa tai huisimamia foleni. Leseni mpya za magari hayo zilisimamishwa zamani, mwishoni mwa miaka ya 1970, na yaliyobaki hayafiki ishirini.

Tanuri za mkaa nazo zinapungua, bata bukini wenye sifa hawapatikani kirahisi kama zamani, na kijana wa leo haoni sababu ya kuamka alfajiri kupuliza hewa ndani ya ndege kwa mshahara wa jikoni. Wakati huo huo maduka ya aiskrimu ya mkono yanaongezeka, na kwenye kaunta zake wamesimama vijana wa rika lile lile wanaoikimbia kazi ya tanuri. Wanapima sukari kwa gramu, wanasoma joto la mashine kwa nyuzi, wanatupa bakuli zima likiwa na chembe. Uvumilivu wanao. Wenye tanuri wangewalipa kama maduka ya aiskrimu yanavyowalipa, wakawapa jina na heshima ya fundi mbele ya wateja badala ya kuwaficha nyuma ya moshi, naamini wangewapata.